Pete Iliyokatika: Mhadhara juu ya Topolojia



Nimeombwa nizungumzie topolojia, nami nitaanzia ukutani. Nyumba nyingi zilizotandazwa nyaya kwa desturi ya Kiingereza zina soketi zilizoungwa kwa pete. Waya hutoka kwenye breka, hupita soketi ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka ya mwisho, kisha hurudi pale pale ulikotoka. Waingereza waliushika mpangilio huu miaka ya 1940, shaba ilipokuwa adimu, kwa sababu kila soketi inafikiwa na umeme kwa njia mbili, na waya mwembamba unafanya kazi ambayo vinginevyo ingedai waya mnene. Waya wa milimita mraba 2.5 ukiwa peke yake huhimili kama ampea 20 hadi 27, kutegemea umelazwa wapi. Ukiungwa kwa pete, hulindwa na breka ya ampea 32.

Sasa skrubu ilegee nyuma ya soketi ya tano na waya uchomoke. Mwenye nyumba ataona nini? Hataona kitu. Pasi inapata moto, friji inanguruma, simu zinachaji. Pima volteji soketi moja moja, utakuta ni ile ile ya jana. Lakini pete haipo tena. Zimebaki njia mbili zisizokutana, na kila moja inajibebea mzigo wake. Siku watu watakapowasha birika, pasi na jiko dogo la umeme kwa pamoja upande mmoja, waya mmoja utabeba ampea 29 peke yake. Breka haitakata, maana 29 ni chini ya 32. Waya utapata joto ndani ya ukuta, na hakuna taa itakayofifia kuwaonya waliomo.

Fundi anayeijua kazi hatafuti hitilafu hii kwa kupima volteji. Anazima umeme, anafungua ncha mbili za waya wa laini kwenye breka, na kuweka mita kati ya ncha hizo. Pete ya mita 50 ikiwa nzima itasoma kama omu 0.37. Ikiwa imekatika, mita haitasoma njia yoyote. Skrubu iliyolegea nusu itatoa namba ya ajabu, nakubali, na fundi atarudi kuikaza. Lakini swali lenyewe, pete imefunga au haikufunga, lina majibu mawili tu.

Topolojia ni hisabati ya maswali ya namna hiyo. Inashughulikia sifa za umbo ambazo hazibadiliki ukivuta, ukipinda au ukifinya, ila hubadilika ukikata au ukiunga. Urefu wa waya, rangi yake, kona ulizopitia, vyote vinawekwa kando. Watu husema hii ni hisabati ya uvivu, ya wasiotaka kupima. Mimi nasema kinyume: ziko hali ambazo upimaji makini zaidi hauwezi kuzigundua, wala marekebisho madogo madogo hayawezi kuzitengeneza, kwa kuwa namba inayozitawala ni namba kamili. Haipandi kidogo kidogo. Ni 1 au ni 0.

Kisa kinachosimuliwa kila mahali ni cha madaraja ya Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Yalikuwa 7 juu ya mto Pregel, yakiunganisha vipande 4 vya ardhi, na swali lilikuwa kama mtu anaweza kutembea akapita kila daraja mara moja tu. Mwaka 1735 Leonhard Euler aliwasilisha jibu kwenye Akademia ya St. Petersburg. Kila ukiingia kwenye kipande cha ardhi kwa daraja moja, lazima utoke kwa jingine. Basi kipande ambacho si mwanzo wala mwisho wa safari kinahitaji idadi shufwa ya madaraja. Kisiwa cha Kneiphof kilikuwa na 5, na vipande vingine vitatu kila kimoja kilikuwa na 3. Vyote witiri. Matembezi hayawezekani, na ungeweza kupanua madaraja yote au kuyanyoosha bila kubadilisha jibu hilo hata chembe. Kilichokuja kulibadilisha ni vita: mawili kati ya yale saba hayakunusurika mabomu ya Vita Kuu ya Pili.

Wasimulizi wengi huishia hapo, na hapo ndipo mimi naona utamu unaanzia. Katika mji huo huo, mwaka 1824, alizaliwa Gustav Kirchhoff. Mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapo, alichapisha kanuni za mikondo ya umeme ambazo wanafunzi wa fizikia hukariri hadi leo. Mwaka 1847 aliongeza jambo ambalo wachache hulikumbuka: mtandao wa nyaya, hata ukiwa umesokotana vipi, una idadi maalumu ya vitanzi vinavyojitegemea, na idadi hiyo huipati kwa kupima chochote. Hesabu viungo, toa vituo, ongeza 1.

Ijaribuni kwenye nyumba yetu. Breka moja na soketi 8 ni vituo 9. Vipande vya waya vinavyoviunganisha kwa pete ni 9. Tisa toa tisa, ongeza moja: kitanzi 1. Chomoa kipande kimoja: nane toa tisa, ongeza moja: 0. Ndiyo namba ambayo mita ya fundi ilikuwa ikiitafuta bila kuitaja. Königsberg ilikuwa na vitanzi 4.

Kwa wanaotoka Mombasa, hesabu hii ina uchungu wake. Chukueni vituo vinne: kisiwa, bara la kaskazini upande wa Nyali, bara la magharibi upande wa Changamwe, na bara la kusini upande wa Likoni. Ukiacha njia ndefu za kuzunguka ndani huko, kwa miaka mingi kulikuwa na viungo vitatu: Daraja la Nyali, njia ya Makupa na kivuko cha Likoni. Tatu toa nne, ongeza moja: sifuri. Mji mkubwa wa bandari, na hauna kitanzi hata kimoja. Kila kiungo kikifungwa, upande mmoja unabaki peke yake. Miaka yote hiyo kilio cha watu kilikuwa feri ziongezwe, na ni kilio cha haki, maana foleni ni foleni. Lakini feri ya ziada haibadilishi ile sifuri. Inapanua kiungo kilekile. Kilichoibadilisha ni barabara ya Dongo Kundu, iliyounga magharibi na kusini bila kugusa kisiwa: viungo vinne, vituo vinne, kitanzi 1. Wahandisi wa gridi za umeme na wa mitandao ya simu wanalijua jambo hili vizuri kuliko wapangaji wetu wa miji, kwa sababu kwao kiungo kimoja kikikatika simu za malalamiko hupigwa dakika hiyo hiyo.

Mpaka hapa umbo ninalolizungumzia linaonekana kwa macho. Sasa nawaomba mnifuate mahali pasipoonekana.

Fikirini mkono wa roboti kiwandani wenye maungio mawili tu, bega na kiwiko, kila moja likiweza kuzunguka duara zima. Mkao wowote wa mkono huo unatajwa kwa pembe mbili. Tuchore ramani ambayo kila nukta yake ni mkao mmoja mzima wa mkono: pembe ya bega tunaipima kwenda kulia, pembe ya kiwiko kwenda juu. Lakini digrii 360 ni sawa na 0, kwa hiyo ukingo wa kulia wa ramani lazima ugundishwe na wa kushoto, na wa juu ugundishwe na wa chini. Karatasi ikigundishwa hivyo inakuwa tyubu ya baiskeli, uso wake tu, bila upepo wala mpira. Mkono ni wa vyuma vilivyonyooka. Mikao yake yote kwa pamoja ni tyubu yenye tundu.

Tomás Lozano-Pérez aliifanya ramani hii kuwa nyenzo ya kihandisi katika makala yake ya mwaka 1983 kuhusu upangaji wa njia za roboti. Faida yake ni kwamba mkono mzima, pamoja na unene na kona zake, unakuwa nukta moja, na vizuizi vya chumbani vinakuwa mabaka yaliyokatazwa kwenye ramani. Kuuliza kama mkono unaweza kutoka mkao huu kwenda ule bila kugonga nguzo ni kuuliza kama nukta mbili ziko kwenye kipande kimoja cha eneo lililobaki. Ni Königsberg tena, ila sasa mto umechorwa na nguzo.

Mitego yake ni ya kila siku. Kiganja cha roboti kinaweza kufika sehemu ileile kwa mikao miwili, kiwiko kikiwa juu au kikiwa chini. Mtu anayetazama kiganja tu ataona pahali pamoja. Kwenye ramani ni nukta mbili, na inawezekana kabisa nguzo ikazitenganisha, moja ikabaki ng'ambo isiyofikika. Mwanafunzi anajaribu mwanzo, unafaa. Anajaribu mwisho, unafaa. Anabonyeza kitufe, na mkono unagoma katikati. Mtego mwingine uko kwenye kebo. Roboti nyingi zina nyaya zinazopita ndani ya maungio, kwa hiyo ungio haliruhusiwi kuzunguka bila kikomo; tuseme linaenda kutoka digrii 179 hasi hadi digrii 179. Kwa macho, ncha hizo mbili zimeachana kwa digrii 2. Kwa roboti zimeachana kwa 358, na itauzungusha mkono karibu duara zima kuvuka nafasi ya upana wa vidole. Kebo imeikata tyubu.

Tuseme hakuna kebo wala nguzo, ungio moja tu linalozunguka huru. Mpe mwanafunzi kazi: andika kanuni ya kulipeleka ungio kutoka pembe yoyote hadi pembe yoyote, kwa namna ambayo mabadiliko madogo ya agizo yataleta mabadiliko madogo ya mwendo. Atasema ni rahisi, pita njia fupi. Vizuri, mpaka pale agizo linapodai nusu duara kamili. Digrii 179.9 kwa kulia ndiyo njia fupi. Agizo likisogea kidogo tu, njia fupi inakuwa ya kushoto, na mkono unaruka upande wa pili. Kitambuzi kikitetemeka kidogo, mkono unasitasita. Atajaribu kanuni nyingine, kigeugeu kitahamia pembe nyingine. Mwaka 2003 Michael Farber alithibitisha kwamba kanuni moja isiyorukaruka inapatikana tu pale ramani ya mikao inapoweza kusinyaa, bila kukatwa wala kuchanwa, ikawa nukta. Duara haliwezi. Kwa ungio moja unahitaji angalau kanuni 2 za kupokezana. Kwa bega na kiwiko, 3. Kompyuta ya bei kubwa haitapunguza idadi hiyo. Kwa maoni yangu huu ni miongoni mwa misaada mikubwa ambayo hisabati inaweza kumpa mhandisi: kumwambia mapema aache kutafuta kisichopo, apange bajeti yake kwa kanuni tatu, akalale.

Ikumbukeni tyubu ile ya bega na kiwiko, kwa sababu inarudi, safari hii kwenye fizikia.

Februari 1980, katika maabara ya sumaku kali mjini Grenoble, Ufaransa, Klaus von Klitzing alikuwa akipima vipande vya silikoni vya aina inayotumika kwenye transista. Alivipoza karibu na baridi ya mwisho kabisa, akaviweka ndani ya uga mkali wa sumaku, akapitisha mkondo kwa urefu na kupima volteji inayojitokeza kwa upana. Uwiano wa volteji hiyo na mkondo ni ukinzani, na alitarajia ubadilike polepole kadiri anavyobadilisha wingi wa elektroni. Badala yake ulibadilika kwa ngazi, na kila ngazi ilikuwa tambarare. Ngazi zilikuwa omu 25,812.807 kugawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4: yaani 12,906.4, halafu 8,604.3, halafu 6,453.2.

Kilichowasumbua watu ni usahihi. Vipande havikuwa safi. Vilikuwa na kasoro ndani, vilitofautiana ukubwa, na viunganishi vyake vilibandikwa popote ilipowezekana. Katika fizikia ya kawaida uchafu wa namna hiyo unavuruga tarakimu ya tatu au ya nne. Hapa maabara mbalimbali zilikuja kukubaliana hadi sehemu chache katika bilioni. Ni kama waashi kumi wenye matofali mabovu wangejenga kuta kumi, zote zikatoka sawa kwa unene wa unywele.

Jibu lilianza kueleweka mwaka 1982, katika kazi ya David Thouless na wenzake watatu. Ndani ya fuwele vitu hujirudia kwa mpangilio, na kwa sababu hiyo ramani ya mienendo ya elektroni nayo hujirudia: ukitoka ukingo mmoja unaingia ukingo wa pili. Ni tyubu ile ile ya bega na kiwiko. Kila nukta ya tyubu hiyo ina wimbi lake la elektroni, na ukiizunguka tyubu yote, mawimbi hayo yanakuwa yamejisokota idadi fulani ya mara. Msokoto hauwezi kuwa moja na robo. Lazima ncha zikutane. Ukinzani aliopima von Klitzing ulikuwa unaihesabu misokoto hiyo. Uchafu wa silikoni unaweza kulivuta na kulipinda umbo hilo, ila hauwezi kubadilisha idadi mpaka ulichane.

Mwakilishi wa jambo hili anayeonekana zaidi yuko ukingoni mwa kipande. Huko elektroni zinasafiri upande mmoja tu. Zikikuta kasoro njiani zinaizunguka na kuendelea, kwa kuwa hakuna njia ya kurudi nyuma iliyo wazi kwao. Von Klitzing alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na Thouless akaipata mwaka 2016 pamoja na Duncan Haldane na Michael Kosterlitz. Kuanzia 1990 maabara za vipimo duniani zilianza kuitumia ngazi ile kama kipimo cha omu, na tangu Mei 2019, mfumo wa vipimo ulipofanyiwa marekebisho, thamani yake haina tena shaka ya upimaji, kwani inatokana na namba mbili zilizowekwa kuwa kamili. Kwa hiyo ile mita ya fundi wetu, ikifuatiliwa ngazi kwa ngazi hadi kwa waliosawazisha mita za waliosawazisha mita, inaegemea hesabu ya misokoto.

Msinielewe vibaya. Topolojia inakwambia namba haitabadilika bila kuchanika. Haikwambii ni nguvu kiasi gani inatosha kuchana. Vipande vya von Klitzing vikiachwa vipate joto la chumba hiki, ngazi zinafutika. Hapo mpimaji anarudi kazini.

Mfano wangu wa mwisho hauna waya. Bakteria wa aina ya E. coli ana DNA iliyofungwa duara, nyuzi mbili zilizosokotana, zenye jozi za herufi milioni 4.6 hivi. Msokoto mmoja huchukua jozi kama 10.5. Gawanya: nyuzi hizo mbili zimepitana kama mara 440,000. Namna ya kuhesabu mara ngapi pete mbili zimepitana iliandikwa na Carl Friedrich Gauss mwaka 1833, akiwaza mambo ya sumaku na umeme, na matokeo yake daima ni namba kamili. Bakteria akitaka kugawanyika wawili, lazima nyuzi zitengane, yaani 440,000 iwe 0. Kuvuta hakusaidii. Kukunja hakusaidii. Kwa pete zilizofungwa, njia ni moja: kata, pitisha, unga.

Na ndivyo chembe hai inavyofanya. Mwaka 1971 James Wang aligundua kimeng'enya cha kwanza cha kazi hii, na mwaka 1976 Martin Gellert na wenzake wakagundua kingine kwenye bakteria, jairesi. Jairesi hukamata DNA, huikata nyuzi zote mbili, hupitisha sehemu nyingine ya DNA hiyo hiyo kwenye mwanya, kisha huunga tena. Kila mara idadi ya kupitana hubadilika kwa 2. Huyu ni fundi anayeichomoa pete kwa makusudi na kuirudisha kabla mwenye nyumba hajajua, na anafanya hivyo mfululizo katika muda wa dakika 40 hivi ambazo DNA nzima hunakiliwa.

Wengi wenu mmemeza dawa inayomlenga fundi huyo. Siprofloksasini, ile ambayo kwenye duka la dawa mtu huiomba kwa jina la sipro, hujibana kwenye jairesi pale pale ilipokwisha kukata na kabla haijaunga. Mkato unabaki wazi. Bakteria mwenye mikato mingi ya namna hiyo hufa. Binadamu tuna vimeng'enya vya kazi hiyo hiyo, maana DNA yetu nayo imesokotana, lakini umbo lao ni tofauti kiasi kwamba dawa haivishiki kwa urahisi.

Hesabu inamfunga bakteria: hawezi kuishi bila kukata na kuunga, hivyo hawezi kumwacha jairesi. Lakini anaweza kumbadilisha sura. Katika E. coli sugu wengi, asidi amino ya 83 ya jairesi, ambayo kwa kawaida ni serini, imegeuka kuwa lusini. Ni badiliko la atomu chache. Kazi ya kukata na kuunga inaendelea kama zamani, ila dawa haipati tena mahali pa kushika. Kwa hiyo anayetafuta dawa mpya leo anaweza kumlenga jairesi huyo huyo, kwa sababu ni mtu asiyekwepeka. Atakachopaswa kupima upya, kwa usahihi wa sehemu ndogo za nanomita, ni mahali pa kumshika.